Bibi wa Benchi Langu

Nilikuwa nasomea baiolojia chuoni huku nikiwania nafasi ya udaktari, na bila barua ya sifa kutoka hospitali hupati. Nikajitolea kwenye zahanati ya wakimbizi, Kagunga, mpakani na Burundi. Kiha sijui, Kirundi sijui. Wiki mbili nzima nilipima watu joto bila kusemeshwa na yeyote, isipokuwa bibi mmoja Mrundi.

Kila mchana nikila chakula changu, alikuja kukaa kwenye benchi langu, akanishika mkono na kuzungumza taratibu, machozi yakimlengalenga. Nami, daktari mtarajiwa, nikamwekea kipimajoto kwapani. Joto la kawaida kila siku! Nikaazima koti jeupe, nikamfungulia daftari lake. Hata maombi yangu ya udaktari niliyaanza na yeye: mgonjwa wangu wa kwanza.

Jana alikuja na kiazi cha kuchoma. Nikamwita nesi, Muha wa Mwandiga ambaye Kiha chake kinaelewana na Kirundi, amuulize anaumwa wapi.

Wakaongea weee. Nesi akaniangalia kwa huruma.

"Haumwi, mdogo wangu. Anasema unakula peke yako kila siku. Anauliza, wewe na ndugu zako mlipotezana njiani?"

"Na kipimajoto?"

"Anakivumilia tu, usije ukajisikia vibaya."

Bibi alikuwa ameshakimega kiazi. Kipande kikubwa kilikuwa changu.