Nyumba ya Kitengela Yaonekana Dallas

Jumamosi, katika jumba la makumbusho hapa Dallas, nilisimama nyuma ya wauguzi wawili Wakenya. Walikuwa wakitazama picha zilizopigwa Mexico na mtunzi mashuhuri wa riwaya wa huko. Moja ilionyesha kuta tupu juani, bila paa.

“Aki si hii ni nyumba yangu ya Kitengela!” mmoja alisema. Akaipiga picha kwa simu, akamtumia kaka yake anayemsimamia ujenzi huo kule Kenya: “Ni kwangu?”

Jibu likaja upesi, akalisoma kwa sauti: “Ndio, sister, lakini hiyo ni ya mwezi uliopita. Saa hii tumeshaweka mabati.”

Mwenzake alicheka hadi akashika ukuta. Kibao pale kilisema picha za mtunzi huyo hufanana na riwaya zake. Kaka wa Kitengela naye hutunga bila hata kamera.