Kitabu Kimoja Katikati

Leo tumefungua katoni ya vitabu ofisini ili tuchague vya darasa la pili, na harufu ya gundi na karatasi mpya imenifikia kabla sijaona herufi hata moja. Nimeshika cha juu nikakileta hadi puani, kama ninavyosoma siku zote.

"Mwalimu, kumbe tunachagua kwa kunusa?" mwenzangu ametania.

Nimecheka naye, nikaweka kando vile vyenye maandishi makubwa.

Nilipokuwa darasa la pili, kule Pasiansi kando ya ziwa, tulikaa watatu kwenye dawati moja, kitabu kimoja katikati. Macho yangu, kama ya wengi tuliozaliwa na ualbino, hayaoni neno mpaka likaribie pua. Kwa hiyo nilikiinua.

"Mwalimu, anatuzibia!" walilalamika wenzangu wawili, na hawakusema uongo.

Mwalimu hakunichapa. Alinihamishia dawati la peke yangu dirishani, akawaachia wao kitabu.

"Wewe utasikiliza, mwanangu," alisema kwa upole.

Dirishani paliingia harufu ya dagaa walioanikwa, na mng'ao wa ziwa ulioniumiza macho. Darasa lilipoanza kusoma kwa sauti, nilifungua daftari langu ambalo halikuwa na kitu, nikachezesha midomo. Mwalimu alipita, akanishika bega.

"Umeona? Sasa unafuatilia vizuri."

"Ndiyo, mwalimu."

Nyuma yangu karatasi zikachakacha, wote wakafunua ukurasa. Nami nikafunua wangu.