Pilau ya Mhandisi Ulimboka

Sesilia aliwapikia wajenzi wa barabara katika kambi ya Lukozi kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakumpakulia mtu kabla hajaonja yeye mwenyewe. Alisimama mbele ya foleni, akachota, akala, akameza, ndipo akasema, "Haya, karibuni." Ndivyo alivyolelewa kwao Bumbuli: mpishi huanza, ili mgeni ale bila shaka moyoni. Mafundi walimtania kwamba kwa kuonja kule angenenepa akalishinda katapila.

Kampuni kubwa ya uhandisi iliyowaajiri ilikuwa ya serikali. Ilipouzwa, mwaka 1996, akaletwa meneja mpya, Mhandisi Ulimboka, mtu wa suti ambaye hata jina la mlinzi wake wa getini hakulijua. Mwezi wa kwanza alifuta nauli za likizo. Wa pili akafuta barua ya matibabu, ile iliyompeleka Sesilia hospitali kuchukua dawa za presha bila kulipa. Dawa zilipomwishia, kichwa kilimgonga kutwa kucha. Aliogopa, na hakuficha kwamba aliogopa.

Mafundi wakagoma. Siku ya tatu walikuwa wamekaa nje ya geti, njaa inawauma, manyunyu yanawalowesha, Mhandisi alipomwita Sesilia.

"Mama, pika pilau ya nyama, ukaipakue pale getini. Atakayepokea sahani amerudi kazini. Ukikataa, kazi huna."

Sesilia akapika. Hata angetaka kuiharibu, mkono wake haukujua kupika vibaya. Harufu ya viungo ilifika barabarani. Akaiweka sufuria mezani, akaifunua, akashika upawa. Kisha akasimama tu.

Wanaume wakamtazama mdomoni. Severin, kiongozi wao, alikuwa ameshanyanyuka; akakaa tena. Hakuna aliyedhani pilau ina sumu. Walielewa kwamba mama yao amepika kwa amri, wala hawakaribishi.

"Mbona hawali?" Mhandisi akauliza. Karani wake akamnong'oneza kwamba mama hajaonja.

"Onja, mama."

"Uliniambia nipike na nipakue, Mhandisi. Kuonja hukuniambia."

"Basi nakuambia sasa."

Sesilia akaweka upawa mezani, akavua aproni, akaikunja vizuri. Kibarua chake kikaota nyasi hapohapo.

Wiki mbili baadaye kampuni ikasalimu amri. Severin akaenda mbiombio nyumbani kwa Sesilia.

"Shikamoo mama. Wamerudisha barua za matibabu!"

"Marahaba mwanangu. Kwa wote?"

Severin akatikisa kichwa. Tangazo lilisema wazi: kwa waajiriwa walioko kazini.

Sesilia aliwafurahia, furaha ya kweli kabisa, na papo hapo akaona uchungu. Akamsogezea kigoda.

"Ukienda hospitali na barua yako," akamwambia, "niulizie bei ya dawa zangu."