Pingili Iliyopungua

Wanafunzi wenzake walimwita Mama Pasi, naye hakuchukia, maana ni kweli alikuwa amepiga pasi kwa dobi miaka kumi na minane kabla ya kuingia chuoni. Siku moja mgongo wake ulikataa kunyooka. Akatibiwa na tabibu wa uti wa mgongo, mmoja wa wale wanaotibu kwa mikono mitupu, bila kisu wala sindano. Aliposimama wima tena alishukuru mpaka tabibu akaona haya, kisha akauliza, "Na haya mambo mtu anasomea wapi?"

Ndivyo alivyojikuta, na miaka yake arobaini na miwili, dawati moja na vijana wa rika la kifungua mimba wake.

Somo la anatomia lilimshangaza kila siku. Hebu fikiria, unatembea na mifupa mia mbili na sita na hujawahi kuonana na hata mmoja! Katika chumba cha mifupa kulikuwa na kiunzi cha mtu halisi, mtu aliyeacha wosia kwamba akifa, wanafunzi wajifunze kwake. Mama Pasi hakukigusa kamwe bila kusema kwanza, "Asante, mwalimu." Mwezi wa kwanza vijana walimcheka. Mwezi wa tatu nao wakawa wanasema hivyo hivyo.

Kilichomtoa jasho ni mtihani wa vidole. Unapewa mgongo wa mtu aliye hai, unaambiwa utafute pingili fulani kwa kupapasa tu, ubandike karatasi juu yake. Pingili ni vile vifupa vilivyopangana kutoka shingoni hadi kiunoni: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno. Mama Pasi alipapasa, akabandika, akakosa.

"Umekosea kwa pingili moja tu," mwalimu alimwambia. "Lakini kwa mgonjwa, hiyo moja ni sawa na kuingia nyumba ya jirani ukidhani ni kwako."

Akabakiwa na nafasi moja. Akikosa tena, anafunga virago na kurudi kwenye pasi.

Basi kila jioni mumewe, fundi wa plasta, alirudi kazini, akaoga, akavua shati na kulala kifudifudi mkekani, achorwe kwa chaki. Mtu amenyanyua ndoo za saruji kutwa nzima, na bado hakuwahi kusema "leo nimechoka." Mama Pasi alianzia pale pale siku zote, kwenye nundu kubwa chini ya shingo. Wanafunzi wote walikuwa wakiambiana kwamba hiyo ndiyo pingili ya saba ya shingo. Kutoka hapo alishuka moja moja hadi usawa wa nyonga, ambapo kitabu kinasema utakuta pingili ya nne ya kiuno. Yeye kila akifika hapo, hesabu yake inaishia kwenye ya tatu.

"Mume wangu," alisema jioni moja, "nadhani wewe umepungukiwa na pingili moja. Wapo watu wa namna hiyo, nimesoma."

"Itakuwa niliisahau kazini," mume akajibu, uso umezama kwenye mto. "Kesho nitaangalia kwenye saruji."

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, hakucheka hata kidogo.

"Nani kapungukiwa? Mimi nilizaa mtoto kamili!"

"Mama, si kilema, ni maumbile tu..."

"Maumbile gani hayo? Haya, nihesabu na mimi!"

Akahesabiwa kwa adabu zote. Moja ikapungua.

"Basi labda ni ukoo," Mama Pasi akasema kwa sauti ndogo.

"Ukoo!" Mkwe akageuka mzima mzima. "Na yule uliyempapasa ukakosa kule chuoni, naye ni wa ukoo wetu? Sikiliza, mwanangu. Watu wote wakipungua, aliyepungua ni mhesabuji. Rudi ulikoanzia!"

Mume akainua kichwa, akatazama kitabu, akatazama mkewe, akaona heri arudi kwenye mto.

Mama Pasi alihisi masikio yakimwaka. Ulikoanzia. Kitabu kilikuwa na kipimo cha shingo, ukurasa mzima, naye aliuruka kwa sababu nundu ilikuwa rahisi.

"Mama, samahani. Naomba uiname kidogo." Akaweka vidole vitatu juu ya nundu tatu zilizofuatana. "Sasa tazama dari, taratibu."

Mkwe alipotazama dari, nundu ya juu ikateleza na kumponyoka kidoleni kama kipande cha sabuni. Ya kati ikabaki palepale. Inayoponyoka ndiyo ya sita. Inayofuata chini yake ndiyo ya saba. Na ile kubwa ya tatu, aliyoiamini mwaka mzima? Ilikuwa ya kwanza ya kifua! Kwa watu wengine hiyo ndiyo hutokeza kuliko zote.

Mkwe alinuna siku mbili hata hivyo.

Siku ya mtihani aliyelala kitandani alikuwa mtunza bustani wa chuo. "Pingili ya tano ya kifua," mwalimu akasema. Mama Pasi akasogea kitandani.

"Kaka, naomba ukae kwanza. Inama. Sasa tazama juu." Ikaponyoka. Akaipata ya saba, akamlaza tena, akashuka bila haraka, akabandika.

Mwalimu alipapasa, akapapasa tena. "Hapo hapo. Mwakani utaanza kugusa wagonjwa."

Mama Pasi alimshukuru mtunza bustani kwa mikono miwili mpaka yule bwana akasahau kuvaa shati. Kisha akakaa kwenye ngazi, akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimefaulu."

Kigelegele kilichotoka simuni kiliwageuza wapita njia.

"Nilikuudhi siku ile, mama. Nisamehe. Na asante, asante sana."

"Uliniudhi kweli kweli," mkwe akasema, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. "Na heri uliniudhi. Ningekunyamazia, leo ungekuwa unafunga virago."