Ng'ombe Wangu Kwenye Runinga ya Wakwe

Haya, chekeni, mkimaliza mtaniambia. Aibu niliipata, tena ukweni, siikatai, lakini anayengoja niinamishe kichwa atangoja sana.

Wazee wa kwa kina Akinyi, wakati huo mchumba wangu, kule Katito, walitaka kuona ng'ombe wa mahari kabla hawajapelekwa, na ng'ombe wenyewe walikuwa kwa baba mdogo Luanda Kotieno (mbali kweli, na ng'ombe hasafirishwi kwenda kutazamwa tu), basi nikawapiga picha, nikaziweka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani Migosi, hapa Kisumu, halafu nikaiunganisha na hifadhi ya mtandaoni ili nikifika ukweni nizifungue kwenye runinga yao kubwa. Kompyuta ikauliza ipandishe folda gani.

"Chagua ya ng'ombe peke yake," Akinyi akasema.

Mimi huyo, mjuaji: "Weka zote, kwani nimeiba?"

Siku ikafika. Nimeketi na wazee, suti imenikaa, mama mkwe yuko karibu na mlango amenipa mgongo nusu (kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu, hata kula mbele yake huwezi). Nikafungua hifadhi yangu, picha zikaanza kupita zenyewe. Ng'ombe mweupe. Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mtamba mwekundu. Mjomba wa Akinyi akasema, "Hii sasa ni ng'ombe, ora," yaani mkwe wake ni mimi. Nikavimba. Kisha nikatokea mimi.

Mimi, kifua wazi, taulo kiunoni, nimeshika mwiko kama maikrofoni, nafanya mazoezi ya hotuba ya ukweni mbele ya kamera ya kompyuta (nilitaka kujiona nasimamaje, kuna ubaya?). "Mama, mimi si tajiri, lakini Akinyi hatajuta!" Nikabonyeza rimoti kila mahali, ikaongeza sauti tu. "Hatajuta!" nikarudia pale kwenye runinga, nikarusha mikono juu, na taulo likaanguka.

"Yawa!" Mjomba akachomoa waya ukutani, lakini mama mkwe alikuwa ameshatoka mbio, leso usoni. Nikajua ndoa imeenda. Mama mkwe kukuona hivyo si mchezo, watu wamevunja uchumba kwa makosa madogo kuliko hayo, na Akinyi nilimsikia akilia jikoni. Kile kilio ndicho kilichonisimamisha. Nikasema kwa sauti, asikie hata aliye nje: "Wazee, adabu nimekosa, nia sijakosa. Maneno yale ni yangu, na nayarudia sasa hivi nikiwa nimevaa suruali!"

Baadaye ikaja sauti ya mama mkwe kutoka nyuma ya nyumba, hasemi na mimi, anasema na kaka yake: "Mwambie hotuba nimesikia. Ng'ombe alete. Yeye mwenyewe akae huko Kisumu mpaka nisahau."

Ng'ombe walienda, na Akinyi ni mke wangu, mnamjua. Mama hajasahau. Siku hizi kompyuta ikiniuliza ipandishe nini nasoma neno kwa neno, na naapa sitabonyeza "zote" tena maishani. Lakini video sijaifuta na sifuti. Nyinyi mnaocheka, hebu mmoja anyooshe mkono: nani kati yenu alikubaliwa ukweni bila nguo?