Mkono wa Mama Mkwe

Peris Nekesa alipanda ndege akiwa na mambo mawili moyoni: kuwaona wajukuu wake kabla hawajawa watoto wa watu wengine, na kumlaani baba yao uso kwa uso. La pili ndilo lililomnyima usingizi.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule mjini Kimilili, mjane, mwanamke wa kanisa ambaye akianza kuomba, chakula hupoa. Binti yake wa pekee, Jane, alikuwa akiuguza wazee London, na huko ndiko alikofia ghafla, akaacha Eddie wa miaka mitano na Nanjala wa miwili. Mwili uliletwa ukazikwa. Watoto hawakuletwa. Harrison, baba yao, alisema wako kwake, wako salama. Peris akaamini, kwa kuwa mkwe hahojiwi.

Kumbe hawakukaa kwake hata mwezi. Harrison alikuwa na mke mwingine upande wa pili wa jiji, na mke huyo hakutaka watoto wa marehemu. Akawakabidhi kwa ofisi ya ustawi wa jamii, akatia sahihi waasiliwe. Alipoulizwa kama mama yao ana ndugu wa kuwachukua, alijibu hana. Hata mama yake mzazi, akasema, alishakufa.

Uongo huo ulikaa ndani ya faili miaka miwili. Siku moja afisa mpya, Deepa, alipekua sanduku la vitu vya Jane akakuta picha yenye namba ya simu nyuma yake. Akapiga, akaomba kuongea na mtu yeyote wa familia.

"Mimi ni mama yake," Peris akasema.

Deepa akamtajisha jina lake mara mbili, kwa kuwa ndani ya faili alikuwa marehemu.

Lakini mahakama ilikuwa imekwisha kuamua. Watoto walikuwa wamezoea nyumba ya mume na mke wa Southall, mtaa wa London, watu wapole, na hakuna aliyetaka kuwang'oa tena. Kilichobaki ni kwamba Peris aje, awaone mara moja, siku ile ile baba yao atakapokuja kuwaaga. Siku hiyo ikipita kwa amani, wazazi wapya walikuwa radhi awaone kila Agosti.

"Ila kukiwa na matusi, vitisho au laana," Deepa alimwonya, "sitaweza kuandika kwamba ni salama waendelee kukuona."

Mchungaji wa Kimilili naye alimwambia amwachie Mungu.

"Namwachia," Peris akajibu. "Nataka tu niwe karibu atakapoanza kazi."

Asubuhi ya siku yenyewe alitoka na Kizito, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege na kuishi Hounslow, ambako ndege hupita juu ya paa mpaka watu hukata maneno katikati wakangoja zipite.

"Shangazi, nakuomba, ulimi," Kizito alisema ndani ya basi.

"Ulimi wangu umekukosea nini?"

"Bado. Ndiyo maana nauombea mapema."

Chumba walichoingia katika ofisi ya ustawi kilikuwa na makochi ya bluu na vitu vya kuchezea ndani ya ndoo. Nanjala, sasa miaka minne, alimwendea Peris moja kwa moja, akapakatwa, akaanza kuchezea pindo la kitambaa chake. Eddie alisimama mbali. Alikuwa na paji la uso la Jane, lile lile, na Peris ikabidi atazame dirishani kidogo.

"Baba alisema ulikufa," Eddie akasema kwa Kiingereza, kama wasemavyo watoto wa huko. "Ulikuwa umekufa?"

Laana ikampanda Peris mpaka kooni. Akaimeza, ikawasha kama pilipili.

"Hapana, kuka, mjukuu wangu. Nilikawia njiani tu."

Hapo mlango ukafunguka. Harrison alikuwa amekuja kuwaaga watoto, na amekuja kabla ya saa yake. Suti safi, viatu vinang'aa. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao waishio London, yule anayepewa neno kwenye kila msiba. Alipomwona Peris alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha macho sakafuni.

"Mulembe, Mama," akamsalimia. "Kwa heshima yako, wacha ningoje nje."

Kwao, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono. Hawaketi kochi moja, hawali meza moja, na mama hamtaji mkwe kwa jina. Umbali huo ndio heshima yenyewe. Mama akiuvunja kwa makusudi, amesema ukwe umekwisha, na hakuna mzee wa kuurudisha.

Heshima! Mtu aliyemzika kwa kalamu angali hai, leo anajificha nyuma ya heshima. Peris akamshusha Nanjala taratibu, akasimama, akavuka chumba na kunyoosha mkono wa kulia.

"Harrison. Nipe mkono."

Harrison akaficha mikono yake mgongoni. Kizito akashika mdomo.

"Mama, tafadhali. Si hivyo."

Deepa akatabasamu, kalamu tayari. "Bibi anakusalimu. Kuna shida gani? Mpe tu."

Harrison angemweleza nini? Akikataa, ataandikwa kwamba amekataa amani mbele ya watoto. Akautoa mkono, umelowa jasho. Peris akaubana kama anavyobana kitambaa kigumu chini ya sindano, hakuuachia, akasogea akamnong'oneza kwa lugha ya kwao:

"Ulisema nimekufa. Basi. Maiti hana mkwe."

Harrison alitoka bila kuwaaga watoto. Walimsikia akijikwaa kwenye ngazi.

"Shangazi, umemmaliza," Kizito alisema, kidole tayari kwenye simu. Kabla ya jioni chama kizima kingejua, na mama yake Harrison kule nyumbani pia. Nani angempa neno tena msibani?

"Nimemsalimia," Peris akasema. Hakuona huruma hata chembe, na hakumwomba Mungu ampe.

"Nimefurahi sana," Deepa alisema akifunga daftari. "Nimeandika mlivyosalimiana. Agosti uje."

Eddie alikuwa ameona yote. Akaja mbele ya bibi yake, akajinyoosha kama mtu mzima, naye akatoa mkono.

"Wewe hapana," Peris akamwambia, akimfungulia mikono. "Wewe njoo hapa kifuani."