Mkufu Nyuma ya Simu

Juzi, katika duka la vifaa vya simu hapa mjini Morogoro, mama mmoja aliingia akabwaga chaja isiyo na waya juu ya kaunta, bila hata shikamoo kwa mzee mwenye duka.

"Umeniuzia feki! Simu inapata moto tu, chaji haiingii. Siku hizi kila mtu mwizi. Hata dada wa kazi niliyemtoa Mgeta, kule milimani, kaniibia mkufu wa dhahabu, nimemfukuza."

Wateja tuliokuwepo tukaguna kumuunga mkono. Mimi nikaongeza, "Mabinti wa siku hizi!"

Mzee hakubishana. "Mama, hebu toa kava la simu kwanza."

Akalitoa huku akisonya. Kitu chembamba kinachong'aa kikateleza juu ya kioo cha kaunta. Ulikuwa mkufu.

"Niliuvua siku ile nilipopigwa eksirei hospitali," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Nikauchomeka humu usipotee."

Mzee akaiweka simu juu ya chaja, sasa bila madini katikati. Ikalia, ikaanza kuchaji. Sote tukajifanya tunaangalia makava yaliyotundikwa ukutani.

Mama hakuuvaa mkufu. Aliufumbata kiganjani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alipata shikamoo yake, ingawa ilichelewa. Lakini yule binti amesharudi kwao mlimani, na amefika akiitwa mwizi. Mimi, nisiyemjua hata sura, nilishamhukumu nikiwa nasubiri kununua waya wa chaji.